Maneno Niliyoyaruka Chini ya Ukurasa wa Mheshimiwa

Mbunge wetu nilimwona kwa macho yangu mara moja tu, wakati wa kampeni. Alisimama juu ya gari kwenye barabara kuu ya Ndosho, mtaa wetu hapa Goma, akasema kwamba siku hizi mbunge hahitaji kuwa jirani yako ili akusikie. Alikuwa na ukurasa wake kwenye intaneti. Humo angetuandikia kila jambo linalotuhusu, na sisi tungemjibu humo humo, kama vile tumekaa naye sebuleni. Watu walipiga makofi sana, ingawa wengi hawakuwa na simu ya kuingia intaneti. Mimi nilikuwa nayo, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Baada ya mkutano, mtu wa ofisi yake akapita akiuliza nani katika mtaa wetu anaweza kuwasomea wengine. Majirani wakanionyesha mimi.

Sikuwa msomi. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, na wadogo zangu wawili bado walikuwa wanajifunza kuandika majina yao. Lakini Kifaransa kidogo nilichokipata hakikuniacha, na mtu wa ofisi aliponishika mkono na kusema, "Mheshimiwa anakutegemea," nilirudi nyumbani nikitembea tofauti. Ninaliandika hilo mapema kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki.

Kazi yangu ilikuwa kuchaji simu. Juu ya bati tulikuwa na pano ya kuvuta umeme wa jua, ndani batri mbili za gari, na nje, kwenye ukuta wa mawe ya volkano, meza yangu. Watu walileta simu asubuhi wakienda kutafuta maisha, wakazichukua saa kumi na moja jioni. Saa hiyo mbele ya nyumba yetu palijaa watu wakisubiri kila mmoja simu yake, na saa hiyo ndiyo nilisoma. Kwanza nilipitia Kifaransa cha mheshimiwa peke yangu, midomo ikicheza. Kisha nilikisema kwa Kiswahili chetu, kwa sauti. Mwenye swali aliniambia, nami nililiandika chini ya ukurasa, mahali tulipopaita komantere, ambapo yeyote anaweza kuandika neno lake.

Komantere zenyewe sikuzisoma kwa watu. Juma la kwanza nilijaribu. Mtu mmoja alikuwa amemtukana mheshimiwa kwa kumtaja mama yake mzazi, na mimi, bila kufikiri, nikalitoa tusi lote mbele ya akina mama waliokuwa wanatoka kwenye sala. Muzee mmoja alivua kofia, akachukua simu yake ambayo haijajaa, akaondoka bila kuaga. Toka siku hiyo nikaweka sheria: maneno ya mheshimiwa tu. Ya chini nayaona mimi, yanabaki kwangu. Kila mtu aliona ni adabu nzuri.

Aliyemfanyia mheshimiwa mzaha ni fundi wa chukudu, jirani yetu, ambaye alichonga zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo na hakuwahi kukosa neno.

"Yaya," aliniita kutoka kwenye lundo la mbao zake, kama wadogo zangu wanavyoniita mimi dada yao mkubwa, "leo onorabule wako ametutumia maji, ama ametutumia picha ya maji?"

"Amekutumia salamu."

"Basi nipokelee, uzichaji, nitazipitia jioni."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba anayemcheka mheshimiwa ananicheka mimi.

Vita vilipopanda tena Masisi, huko milimani, barabara ya Sake ilijaa watu wanaokuja Goma na magodoro kichwani. Kati yao alikuwako mama mmoja, peke yake, amefunga vitu vyake kwa kitenge. Aliomba maji mezani kwangu. Chumba cha wazazi wetu kilikuwa kimefungwa toka mama afariki. Hata wadogo zangu niliwakataza kukiingia. Sijui nilimwona nini yule mama, lakini nilienda kutafuta ufunguo.

Alisema atakaa juma moja. Alikaa zaidi ya mwaka. Alinifundisha kupika maharagi bila kuyavuruga, alimtoa mdogo wangu wa kike chawa, na jioni ya kwanza, mbele ya wateja, aliniuliza, "Mutoto, umekula?" Hakuna aliyekuwa ameniita mutoto kwa miaka. Kwa wadogo zangu na kwa mtaa mzima nilikuwa yaya. Nilijifanya nimekasirika, nikaendelea kupanga nyaya. Lakini kesho yake, ilipofika jioni, nilikuwa nasubiri aniulize tena.

Muzee wake alikuwa amebaki milimani na ng'ombe. Alimwambia mkewe, "Tangulia, nitafuata," kama mtu anayefunga mlango. Simu ya muzee haikuita tena. Kila jioni yule mama alikaa juu ya bido ya njano ya kuchotea maji karibu na meza yangu, mikono mapajani, akasubiri nimalize habari za mikutano na mashindano ya mpira, kisha akauliza neno lile lile:

"Na juu ya barabara, onorabule anasema nini?"

Mara nne niliandika swali lake chini ya ukurasa: kuna mama hapa Ndosho anataka kujua kama njia ya kwenda kwao inapitika, ili akamchukue muzee wake. Mara nne hakuna aliyejibu. Nilimwambia kwamba mheshimiwa ana watu wengi. "Ni kweli," alisema. "Mutu mukubwa hivi."

Kisha siku moja picha ikatokea. Mheshimiwa amevaa kofia ngumu ya njano, amesimama katikati ya barabara ya udongo, mikalitusi huku na huku, mirefu, kijani. Chini yake ameandika kwamba barabara ya Masisi imefunguliwa, na kwamba wananchi wanaweza kurudi mashambani kwao kwa utulivu.

Nilisoma kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kuwa kubwa. Mama yule alisimama kutoka kwenye bido.

"Amenijibu," alisema.

Maneno yale yalikuwa ya watu wote. Yangeandikwa hata kama yule mama hajazaliwa. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka, na majirani walikuwa wananitazama, na mimi ndiye niliyeandika swali mara nne.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Amekujibu."

Watu walipochukua simu zao na kwenda, nilishuka kwenye komantere, kama kawaida yangu, peke yangu. Za kwanza zilikuwa sifa na mikono ya kushukuru. Ya tano au ya sita iliandikwa na mtu ambaye badala ya uso wake aliweka picha ya ng'ombe mwenye doa jeupe. Ilianza hivi: "Mwongo wewe, mwizi wa kura." Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba niliachia hapo, kwenye tusi, kwa sababu ya sheria yangu. Si kweli. Niliisoma mpaka mwisho. Ilisema: "Niko huku juu ninapokuandikia. Barabara imefungwa toka juzi, risasi zinalia. Wenye watu wao huku wasipande. Wazee wenyewe wameanza kushuka kwa miguu kupitia njia ya msituni, wasubirini huko huko chini."

Mama yule alikuwa ndani akifunga kitenge chake. Alikuwa anaimba, polepole, wimbo wa kwao ambao sikuuelewa. Nilikuwa na hatua sita za kwenda mlangoni.

Nilifikiri mambo mengi kwenye hatua zile ambazo sikuzipiga. Nilifikiri huyu wa ng'ombe ni nani, hata uso hana. Nilifikiri mheshimiwa amesimama mwenyewe kwenye barabara, tumemwona. Nilifikiri pia, na hili ndilo gumu kuandika, kwamba nikiingia kusema barabara imefungwa, nitakuwa nimesema kwamba mheshimiwa wangu ni mwongo, na kwamba mimi niliyesema "amekujibu" dakika chache zilizopita ni mwongo pia. Nikazima simu.

Asubuhi alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Sake. Kutoka hapo angetembea. Alimwachia mdogo wangu wa kike kitana chake. Mimi aliniambia, "Mutoto, usikae bila kula sababu ya simu za watu." Fundi wa chukudu hakuwepo siku hizo mbili, alikuwa amekwenda kutafuta mbao. Aliporudi nilimwonyesha ile picha, nikitaka akiri hata yeye kwamba safari hii mheshimiwa amefanya kazi. Aliishika simu mbali kidogo na macho, kama wanavyofanya watu wasioona karibu vizuri.

"Hii mikalitusi," alisema, "ilishakatwa. Yote. Mwenyewe nilinunua mbao zake, msimu uliopita. Ile chukudu ya muuza viazi ni huu mti hapa, wa pili kutoka mwisho." Akacheka, kisha akaniona usoni, akaacha kucheka. "Yaya, kuna mutu amepanda?"

Siku ya nne baada ya mama kuondoka, wakati nafungua meza, muzee mmoja alisimama barabarani akiwauliza watu. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu amevitundika shingoni. Mkononi alishika kamba ya ng'ombe, bila ng'ombe. Alikuwa anatafuta nyumba ya watoto yatima wanaochaji simu, ambako mke wake alikuwa anakaa. Alielekezwa na watu wa kambi ya waliokimbia vita, waliomjua mkewe.

"Ni hapa, muzee," nikasema.

"Yuko wapi?"

Niliinama kupanga nyaya. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyesema, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kusema: "Alienda kukutafuta."

Muzee alikaa chini palepale juu ya bido ya njano. Alitikisa kichwa kidogo. "Huyu mwanamuke," alisema, na nusu alikuwa anatabasamu, "hajawahi kunisubiri hata siku moja." Kisha kikohozi kikamshika.

Tulimlaza kwenye kitanda cha mkewe, kitanda cha wazazi wangu. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa, wakasema amelala kwenye mvua siku nyingi na kifua kimeingiliwa. Alikuja kwa njia ya msituni, pamoja na wazee wengine, kama yule wa ng'ombe alivyoandika. Kama mkewe angekuwa amekaa, angemfungulia mlango yeye mwenyewe.

Jioni watu walikuja kuchukua simu. Sikusoma. Niliingia kwenye ukurasa, mahali nilipopaita pa matusi, nikaanza kuandika. Niliandika chini ya picha ya barabara. Kesho yake mheshimiwa alitoa kikombe kwa timu ya mpira; nikaandika chini ya kikombe. Keshokutwa alitakia wanawake wote wa jimbo afya njema. Nikaandika chini ya afya njema. Maneno yalikuwa yale yale kila siku: "Mama uliyekuwa unakaa Ndosho kwa yatima wanaochaji simu, karibu na fundi wa chukudu. Muzee wako amefika kwetu. Ni mgonjwa. Rudi. Yeyote anayemwona amsomee."

Siku ya tatu ukurasa ulinijibu. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijajibiwa hata mara moja, na moyo uliruka nilipoona jina la mheshimiwa. Aliandika: "Asante kwa kutuunga mkono. Pamoja kwa maendeleo."

Nilimwonyesha fundi. Nilitegemea mzaha wake, ningeuvumilia. Alirudisha simu mezani taratibu. "Huyu hasomi," alisema. "Hata huyu anayejibu, hasomi."

Wewe mheshimiwa, kama ni wewe, ama kijana uliyemwajiri akae Kinshasa akubonyezee, sijui hata leo. Zamani nilifikiri ukurasa ule ni mlango, na wewe umekaa nyuma yake. Sasa nafikiri ulikuwa ukuta tu, na sisi tulikuwa tunaandikiana juu yake, watu wa chini kwa watu wa chini, na mimi peke yangu ndiye niliyewaambia wengine wasisome.

Kwa maana aliyenijibu kweli alikuwa yule wa ng'ombe mwenye doa. Aliandika siku ya kumi na moja: "Dada, niko kwenye kiwanja cha kanisa, huku juu. Kuna akina mama wengi wamekwama hapa. Reseau ya simu inapatikana kwenye kilima tu. Nikishuka nitawasomea wote kwa sauti." Nilisoma neno "kwa sauti" mara nyingi. Yeye naye alikuwa msomaji. Alikuwa na watu wake wanaomsubiri jioni, kama mimi, na alikuwa anawasomea komantere.

Muzee aliniuliza kila asubuhi, "Wameandika?" Nilimsomea jibu la yule wa ng'ombe. Alifurahi kusikia habari ya kanisa. Alilijua, alisaidia kubeba mawe ya msingi wake akiwa kijana. Aliniomba nimwandikie mkewe asipite njia ya chini, kuna mto umejaa. Niliandika. Aliniomba nimwandikie kwamba ng'ombe wamechukuliwa wote, asihangaike kuwatafuta. Niliandika. Siku moja aliniomba nimwandikie kwamba kitanda ni kizuri. Hilo nililiandika nikiwa nje, nikimpa mgongo.

Alifariki asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mdogo wangu akiwa anampa uji. Majirani walichanga mbao, na fundi akatengeneza jeneza bila kusema hata neno moja la kuchekesha. Padri alikuja. Tuliandika tena chini ya ukurasa, kwamba muzee amefariki, safari hii fundi amesimama nyuma yangu akinisaidia kuchagua maneno, na usiku haujaingia bado ukurasa wa mheshimiwa ulikuwa umetuwekea kidole gumba kilichosimama.

Mke wake alifika siku ya pili baada ya mazishi. Yule wa ng'ombe alisoma kwa sauti, na mama yule alikuwa amekaa mstari wa nyuma, akasimama. Alitembea siku tano. Njiani hakusikia habari nyingine, kwa hiyo aliingia kwetu akiwa anaita jina la muzee wake kwa sauti ya kumgombeza, kama anavyoitwa mtu aliyechelewa kula.

Sitaandika jioni ile.

Baada ya siku za kilio kupita, nilimkuta nyuma ya nyumba akipukuchua maharagi. Nilikaa chini. Nilimwambia kwamba siku ile ya picha kulikuwa na maneno mengine chini ya maneno ya mheshimiwa. Nilimwambia yalisema nini. Hakuacha kupukuchua.

"Ulisoma wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mupaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mbele sijafunga vitu vyangu, ama nyuma?"

"Ulikuwa unafunga. Ulikuwa unaimba."

Maharagi yaliendelea kuanguka kwenye sinia. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote niliyowahi kuyaona kwenye simu ile.

"Nisomee," alisema.

Niliitafuta ile komantere, nikamsomea, kuanzia "mwongo wewe, mwizi wa kura" mpaka "wasubirini huko huko chini." Alisikiliza akitazama sinia.

"Pengine ningepanda tu," alisema baadaye. "Namujua mutu wangu, nisingeamini kama atashuka peke yake. Pengine ningepanda. Lakini hiyo ilikuwa ya kwangu kuchagua, na wewe ulinichagulia." Akaokota harage lililoruka, akalirudisha. "Ulikuwa unamuogopea onorabule aibu. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba yako."

Hakuhama. Wengine walifikiri atahamia kambini au kwa ndugu zake mtaa wa Mapendo, na mimi ndiye niliyeogopa zaidi. Alibaki kwenye chumba cha wazazi wetu. Lakini aliacha kuniita mutoto. Ananiita yaya, kama watu wengine wote, na hakuna ubaya wowote kwenye neno hilo, ni jina langu la kila siku.

Jioni ya kwanza nilipoanza tena kusoma, alitoka na bido yake, akakaa mahali pake. Mheshimiwa alikuwa ameandika kuhusu umeme. Nilisoma nikamaliza, watu wakaanza kunyoosha mikono kuchukua simu.

"Na chini?" aliuliza. "Chini banasema nini?"

Palikuwa na muzee yule wa kofia, na akina mama waliotoka kwenye sala. Nilimwambia kwamba kuna maneno mabaya humo.

"Tumesikia mabaya," alisema. "Soma, yaya."

Nikasoma yote, na matusi ndani yake, nikiyataja polepole bila kupandisha sauti. Muzee wa kofia hakuondoka. Yule mama alibaki amekaa mpaka ya mwisho, mikono mapajani, akisikiliza kama bado kuna mtu anayeweza kuwa anashuka.